Ngazi Niliyoichora Nimelala Chali

Uwazi mdogo kuliko unywele ulinitesa siku tatu nzima, nami nilikuwa mgeni katika kazi hii. Nilikuwa nimechora umbo la kishikio cha mlango, bapa, mistari minane, safi kabisa. Nikaiambia kompyuta: vuta, lipe unene. Ikakataa. Nikaiambia tena, ikaniletea kitu kama ganda la yai, kitupu ndani, hakina mwili. Siku ya tatu mwalimu wangu, Bwana Kurian, akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akaukuza mchoro, akaukuza zaidi, mpaka pembe moja ikajaa kioo kizima cha kompyuta. Na pale, wanangu, mistari miwili niliyodhani imekutana ilikuwa imeachana, kama watu wawili waliosimama barazani kila mmoja akingoja mwenzake aanze salamu.

"Rukia," akaniambia, "maji hayakai kwenye ndoo iliyopasuka."

Akaufunga ule uwazi. Nikavuta. Umbo likainuka kutoka kwenye kioo polepole, kama mkate unavyoumuka, likapata ubavu, likapata kivuli. Nikaligeuza kushoto, nikaligeuza kulia, nikaliangalia kwa chini. Sikutaka kwenda nyumbani siku hiyo.

Nawaandikia nyinyi mnaoniuliza, ati Bibi Rukia, ulikaaje miaka yote ile Al Quoz, kwenye karakana ya chuma, mwanamke wa Makunduchi uliyekuja Dubai kumfuata mume? Nilikaa kwa sababu ya kule kuinuka. Niliingia pale kupokea simu na kupanga karatasi. Meza yangu ilitazamana na ya Bwana Kurian, mchoraji wetu, Mhindi wa Kimalayali, mpole, mwenye miwani minene, na kila nilipoinua macho nikaona kwenye kioo chake kitu kinazunguka katika hewa tupu. Geti. Dari ya chuma. Miguu ya meza. Vinazunguka bila sauti, na nje lori zinapiga honi na vumbi limetanda mpaka hujui kama ni asubuhi au alasiri. Nikawa nasahau simu inalia.

Alipoona hivyo hakunikaripia. Alinifundisha. Kesho yake alikuja na mashine ya mke wake ya kukamulia tambi, ile ya shaba yenye visahani vya matundu. Akaweka unga uliokandwa, akatia kisahani chenye tundu la nyota, akakaza. Ukatoka mchirizi mrefu wenye umbo la nyota. "Mchoro wako ni tundu," akasema. "Unga utafuata tundu. Tundu likiwa baya, usiulaumu unga." Halafu akakata kipande cha karatasi, nusu ya umbo la chungu, akakibandika kwenye penseli na kuizungusha haraka kati ya viganja. Nikaona chungu kizima hewani, chenye tumbo na shingo, na penseli ikisimama kidogo tu chungu hakipo. Hiyo ndiyo njia ya pili: kuzungusha.

Ya tatu sikuhitaji kufundishwa. Mama yangu alikuwa msusi wa ukili. Alisuka utepe mrefu wa ukindu, bapa, upana wa vidole vitatu, kisha akaushona ukijizungusha, duru juu ya duru, mpaka ukawa mkoba unaobeba nazi. Bwana Kurian aliponionyesha jinsi ya kupitisha umbo bapa juu ya mstari unaozunguka na kupanda, ili upate reli ya ngazi ya mzunguko, nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeijua kazi hii toka nina miaka saba, ila hapakuwa na umeme.

Sasa makosa. Mengi ni ya kuchekesha. Liko lile la kitasa: mchoro uliletwa na mteja kwa inchi, nikausoma kwa milimita, kisha kwa kujirekebisha nikauzidisha kwa ishirini na tano, na bila kujua nikarudia. Fundi wa mashine ya kukatia akapanda ofisini akiwa amejishika kiuno, akaniuliza, "Madam, hiki kitasa ni cha mlango wa jini gani?" Kilikuwa kirefu kuliko yeye. Basi toka siku ile, kabla ya kuchora mstari wa kwanza, nauliza: tunapima kwa kipimo gani? Na nyinyi ulizeni. Aibu ya kuuliza hupita haraka.

Lakini kuna kosa moja ambalo sijalicheka, na ndilo nililokusudia kuwaandikia.

Bwana Kurian alikuwa ameshastaafu na kurudi kwao, mimi ndiye mchoraji. Ikaja kazi kutoka villa moja Al Barsha. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, Bi Thuraya, aliyezaliwa Unguja akaletwa Dubai bado bibi harusi. Nilipomwamkia Shikamoo akanishika mkono hakuuachia. "Marahaba mwanangu. Kwenu wapi? Makunduchi? Basi karibu, karibu, leo nimepata mtu wa kusema naye." Macho yake yalikuwa yanazimika. Alisema anaona mwanga na vivuli tu, kama mtu aliye chini ya maji anayetazama juu.

Uani kwake palikuwa na ngazi ya chuma ya mzunguko iliyokwenda juu ya paa, na juu ya paa alikuwa na njiwa. Kila asubuhi kwa miaka hiyo yote alipanda mwenyewe kuwapa mtama. Sasa ngazi imeliwa na kutu, na binti yake, madam aliyetuita, alikuwa amemkataza asiikanyage. Mama akagoma kula. Mwishowe wakapatana: ngazi mpya itengenezwe, lakini iwe kama ile ya zamani, urefu ule ule, mzunguko ule ule, ili miguu ya mama iijue. Ikiwa si hivyo, madam akasema, njiwa watagaiwa na mlango wa paa utafungwa.

Nilikwenda kupima na Mutua. Huyu alikuwa fundi wetu wa kuchomelea, Mkenya wa Kitui, mtu mrefu wa maneno machache, Mkristo wa kanisa kila Jumapili, mikono imejaa alama za cheche. Yeye alipima nguzo na urefu. Mimi nilitaka kuona jinsi vidato vinavyoshikana na nguzo, na kwa juu kutu ilificha kila kitu. Nikatandika kanga yangu chini, nikalala chali chini ya ngazi, nikachora nilichokiona. Mwanga wa asubuhi ulipita kati ya vidato, vikawa kama mabawa ya feni iliyosimama. Nilichora nikiwa nimelewa na uzuri ule. Mchoro wangu wa mkono mzuri kuliko yote.

Nikaurudisha ofisini, nikauingiza kwenye kompyuta kana kwamba nimeuchora nikiwa juu ninatazama chini.

Chukueni kalamu mwandike jina lenu kwenye kioo cha dirisha, kisha mzunguke upande wa pili mlisome. Hicho ndicho nilichokifanya. Ngazi iliyokuwa ikipanda kwa kuzungukia kulia, yangu ikapanda kwa kuzungukia kushoto. Na kompyuta haikusema kitu, kwa kuwa haikuwa na la kusema. Mistari yote imefungwa, hesabu zote sawa. Niliigeuza ile ngazi kwenye kioo wiki nzima. Nilikuwa naifungua hata wakati wa chakula, ninaiona inavyozunguka polepole, ya kijivu, nyepesi, haina kutu wala uzito. Kitu cha uongo kinaweza kuwa kizuri sana.

Mutua aliposhika karatasi alikuna kichwa. Akapanda ofisini.

"Mama Salim," akaniita kwa jina la mwanangu, kama kawaida yake, "hii ngazi si inafaa izunguke na upande ule mwingine? Ile ya zamani mimi niliiona."

Nami nilikuwa na kiburi cha mtu aliyejifunza ukubwani. Nikamwambia, "Mutua, fuata mchoro. Kompyuta haikosei."

"Sawa," akasema. "Wewe ndio unajua."

Akaichomelea kwa majuma mawili. Kazi safi, huoni panapoungana.

Siku ya kuifunga, kreni ikaing'oa ile ya zamani na kuisimamisha kando uani, kisha ikaiinua mpya juu ya ukuta wa villa. Ilining'inia angani ikijizungusha taratibu kwenye mnyororo, kama ilivyokuwa ikizunguka kwenye kioo changu, na moyo wangu ukafurahi. Ikashushwa. Kidato cha kwanza kikakaa mahali pake. Kidato cha mwisho, badala ya kufika kwenye mlango wa paa, kikafika kwenye ukuta mtupu wa jiko.

Arbab wetu, mwenye karakana, alikuwa amekuja mwenyewe kwa heshima ya familia ile. Akaitazama ngazi, akautazama ukuta. Mimi nikaenda nikasimama chini ya vidato nikainua macho. Kwa chini, wanangu, ilikuwa imegeuka, kinyume cha ile niliyoichora nimelala. Kila bawa upande usio wake. Papo hapo nikajua.

"Nani amesoma mchoro vibaya?" arbab akauliza, na jicho lake likaenda moja kwa moja kwa Mutua.

Mutua akanitazama. Si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesubiri basi. Kisha akainamisha macho kwenye viatu vyake.

Nami sikusema kitu. Ulimi ulikuwepo, maneno yalikuwepo. Nilisikia njiwa juu ya paa wakiguruma, na Bi Thuraya ndani akiuliza, "Imefika? Mbona kimya? Imefika?"

"Khalas," arbab akamwambia Mutua. "Jumatatu njoo ofisini, visa yako tuifute. Urudi kwenu."

Tukarudi Al Quoz kwa basi la kampuni. Mutua alikaa kiti cha mbele yangu, na njia nzima nilitazama kisogo chake.

Siwezi kuwaeleza vizuri siku mbili zilizofuata. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Nilipika pilau nikasahau chumvi. Mume wangu akaniuliza naumwa nini, nikasema kichwa. Nilijiambia Mutua ni fundi mzuri, atapata kazi kwengine. Nilijiambia mimi nina watoto shule. Kila neno nililojiambia lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa ganda la yai.

Jumatatu nilifika mapema. Mutua alikuwa amekaa nje ya ofisi kwenye kiti cha plastiki, amevaa shati la kanisani, bahasha mapajani. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Ningesema nini, Mama Salim? Fundi wa kuchomelea na mtu wa ofisi, nani ataaminika? Halafu," akaigeuza bahasha, "nilijua utasema mwenyewe. Nilikuwa nangoja tu."

Sijui kama kweli alijua, au alinipa tu njia ya kupita. Nikaingia bila kubisha hodi.

"Arbab, ile ngazi kosa ni langu. Niliichora nimelala chali."

Akainua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. "Umelala chali?"

"Nimelala chali, chini yake. Nikaiingiza kwenye kompyuta kana kwamba niko juu. Mutua aliniambia imegeuka, nikamfunga mdomo."

Akaweka kalamu chini. Feni ya dari ilikuwa ikizunguka, nami, Mungu anisamehe, nikawa naangalia inazungukia upande gani.

"Mutua abaki," akasema mwisho. "Wewe nenda chini. Kompyuta usiiguse mpaka niseme."

Basi nikashuka. Miezi mitatu nilifanya kazi sakafuni pamoja na Mutua: kusugua chuma, kushika futi, kubeba, kufagia vumbi la chuma linaloingia mpaka kwenye sahani ya chakula. Wiki ya kwanza nililia chooni. Wiki ya tatu nikaanza kuona. Nilijifunza kuwa chuma kikipata moto hujivuta, na ngazi iliyonyooka jioni unaweza kuikuta asubuhi imepinda kama mzee. Nilijifunza kuwa bomba mbili ambazo kwenye kioo hupita moja ndani ya nyingine bila kugombana, duniani zinagombana. Nilijifunza kuwa fundi ana mkono, na mkono una kiwiko, na ukichora pembe ambayo kiwiko hakiingii, umechora kitu kisichoweza kuzaliwa.

"Sasa unaona," Mutua alikuwa akiniambia akivua kofia yake ya kuchomelea, uso unatiririka jasho. "Huko juu unachora hewa. Huku chini tunabeba."

Arbab aliponirudisha kwenye kompyuta, kazi ya kwanza ilikuwa ile ile ngazi. Familia ilikuwa imekubali kungoja, kwa sharti kwamba kila kipimo kirudiwe mbele ya mama mwenyewe. Tukaenda mimi na Mutua. Bi Thuraya akaletewa kiti uani, kando ya ngazi yake ya kutu.

"Nimekuangusha, Bibi," nikamwambia.

"Hujaniangusha. Bado sijapanda." Akacheka. "Haya nisomee ulichoandika."

Nikamsomea. Vidato kumi na sita, vinazungukia kulia, kila kimoja sawa na mwenzake.

"Sawa na mwenzake? Cha tano je?"

"Vyote sawa, Bibi. Kompyuta inavigawa yenyewe."

"Basi utaniua," akasema kwa upole kabisa. "Cha tano kiko chini. Fundi aliyeijenga alikosea, marehemu mume wangu akagombana naye, kisha tukazoea. Mguu wangu unakijua cha tano. Ukikiinua nitajikwaa."

Mutua akapiga magoti na futi ya chuma. Akapima cha nne, cha tano, cha sita. Akanitazama. "Ni kweli. Kimeshuka karibu upana wa vidole viwili. Kutu ilikuwa imetuficha."

Nikarudi kuchora. Sasa hapa wenye shule nisikilizeni. Programu ina njia ya mkato: unachora kidato kimoja, unaiambia irudie mara kumi na sita, inapanga kwa sekunde. Ni njia nzuri, na kwa nyumba ya watu wote ndiyo sheria, kwani kidato kimoja kikitofautiana humwangusha mgeni. Lakini ngazi hii haikuwa ya wageni. Niliivunja ile safu. Nilichora kila kidato peke yake, kwa kipimo chake, na cha tano nikakishusha kwa makusudi. Mshale wa kupanda nikauchora kwa rangi nyekundu, mkubwa mpaka Mutua akaniuliza kama ni wa barabara kuu. Kabla hakijakatwa kipande chochote, nikakata ngazi ndogo ya karatasi ngumu, nikampelekea Bi Thuraya. Akaishika mapajani, akazipitisha ncha mbili za vidole kidato kwa kidato. Akafika cha tano, vidole vikashuka. "Ndiyo yenyewe," akasema.

Leo vijana mnaandika sentensi na mashine inawaletea umbo zima. Salim, ninayekaa kwake sasa, alinionyesha juzi. Nilipenda, siwadanganyi. Liligeuka pale kwenye simu kama samaki kwenye tangi. Nikamuuliza tu, umelipeleka kwa atakayelishika? Mutua naye yuko kwao Kitui, ana karakana yake, anatengeneza mageti. Kila akimaliza moja hunitumia picha na maneno mafupi: "Mama Salim, angalia kama limegeuka." Hunijibu hivyo hivyo mpaka leo kila nikimtania kuwa amezeeka.

Siku ya ngazi ya pili kulikuwa na ukungu, ule wa majira ya baridi unaolimeza jiji, majumba marefu yakabaki vilele vinavyoelea. Kreni ikaiteremsha. Kidato cha mwisho kikagusa kizingiti cha mlango wa paa, na Mutua akapiga makofi mara moja tu, kisha akaona haya.

Binti alitaka kumshika mama mkono. Mama akauondoa. Akavua viatu. Akaweka mguu wa kwanza, mkono kwenye reli, akapanda. Hakuhesabu. Kwenye cha tano mguu wake ulishuka ulipopaswa kushuka, na hakusita hata kidogo, akaendelea kuzunguka ndani ya ukungu mpaka tukaona nyayo zake tu, kisha nazo zikapotea. Juu mabawa yakapigapiga.

Tukasimama chini, arbab, madam, Mutua na mimi, tumeinua nyuso.

Kisha sauti ikashuka: "Rukia! Unangoja nini? Panda."

Wanangu, miaka yote ile nilikuwa nimechora ngazi zisizo na idadi, na hata moja sijapata kuikanyaga. Zilikuwa zikiondoka kwenye kioo changu kwenda kwenye lori, na kazi yangu imekwisha. Nikavua viatu. Chuma kilikuwa baridi na kimelowa umande. Nilihisi kinatetemeka kidogo chini ya uzito wangu, kinanibeba. Nikapanda nikizungukia kulia. Kwenye cha tano nikajikwaa, maana mguu wangu haukukijua, nikashika reli, na chini nikamsikia Mutua anacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza toka nimjue.

Juu ya paa hapakuwa na jiji. Palikuwa na weupe tu, na Bi Thuraya amesimama katikati yake, njiwa wamemjaa mabegani. Akanisikia nafika. Akamchukua mmoja, akanyoosha mikono kuelekea nilipo, akangoja nimpokee.